Mombo Ilipokuja Tanga

Afisa wa forodha wa Horohoro alifungua sanduku la bati la Mwanaasha, akatoa kanga moja moja na kuzipanga juu ya meza. Chini ya kanga alikuta sabuni, makopo ya mafuta ya kupikia, udi uliofungwa kitambaani, na birika jipya la chai lililojazwa iliki mpaka mdomoni.

"Mama, hivi vyote ni vya biashara?"

"Ni vya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yangu mie."

Afisa akainua macho. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo, mjane wa Mji wa Kale, Mombasa, mpana wa mabega, hina imempanda kutoka kwenye kucha hadi viwikoni. Afisa aliitazama ile hina, akavirudisha vitu sandukuni, na kanga akazikunja vizuri kuliko alivyozikuta.

"Mnafika wapi?"

"Mombo," akajibu Tuhfa, mdogo wake Mwanaasha, aliyekuwa nyuma akililinda kapu la chakula. "Twalala Tanga, kisha twapanda treni ya Alhamisi. Nikaha ni Ijumaa."

Afisa akagonga mihuri. "Nasikia watu wa reli huenda wakagoma."

"Wasikia au wajua?"

"Nasikia."

"Haya, na sisi tumesikia," akasema Tuhfa, akanyanyua kapu lake.

Garini Mwanaasha hakusema neno mpaka wanaingia Tanga. Tuhfa alidhani ni haya ya bibi harusi, akamwacha. Haikuwa haya. Mwanaasha alikuwa akiliwaza lile neno la afisa, maana si mara ya kwanza kwake kufunga safari ya kwenda kuolewa Mombo.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa sabini na saba. Yussuf, fundi cherehani wa Mombo, alikuwa akishona kanzu katika duka moja la Kuze, kule kule Mombasa. Alipeleka posa, ikakubaliwa, akarudi kwao kuitengeneza nyumba. Mwanaasha alikuwa amfuate kwa gari mpaka Tanga, kisha kwa treni. Kabla hajaondoka, serikali mbili zikakosana na mpaka ukafungwa. Yussuf alivaa kanzu mpya akaenda steshini ya Mombo kuingoja treni ile, akaingoja na iliyofuata, na watu wa Mombo husema aliendelea kwenda mpaka kanzu ikafifia mabegani kwa jua. Siku ulipofunguliwa mpaka, Mwanaasha alikwisha ozwa na kaka zake, na Yussuf naye alikuwa na mke. Kila mmoja aliishi kwa wema na mwenzi wake, akamuuguza, akamzika. Kisha mfanyabiashara mmoja wa iliki akaleta salamu kutoka Mombo, salamu zikajibiwa, na salamu zikazaa posa ya pili.

Kuolewa hakukumtisha Mwanaasha. Kilichomtisha ni kutofika mara ya pili.

Walifikia Ngamiani, barabara ya kumi na tano, kwa Bi Shadya, binti wa ami yao. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni, ambayo watu wa Tanga walikuwa wameipangia foleni mpaka wakasahau harufu yake, ilikuwa imerudi madukani kwa rangi zote, ila sasa, kwa bei yake, watu waliisalimu tu na kupita. Bi Shadya alizipokea sabuni za Mombasa kwa furaha, akawapa habari. Masika yalikuwa yameikata barabara mbele ya Muheza, na mabasi yalikuwa yamelala huko kwenye tope. Njia iliyobaki ni reli.

"Na huo mgomo?" akauliza Mwanaasha.

"Hapa kwetu mgomo hausemwi, mwanangu. Hunong'onwa."

Kesho yake, Jumatano, akina dada wakaenda steshini. Karani wa dirishani aliwakatia tiketi mbili za daraja la pili kwa uchangamfu.

"Treni itaondoka kesho?" akauliza Mwanaasha.

"Mimi nauza tiketi, mama. Treni siuzi."

Tuhfa alikuwa amesafiri. Alikwisha fika Unguja, Komoro na Dubai kwa biashara ya vitenge, na alikuwa na imani yake kuhusu nchi za watu: ofisini huambiwa yaliyopangwa, jikoni huambiwa yatakayotokea. Alimshika dada yake mkono, wakavuka reli kuelekea kwenye nyumba za wafanyakazi, safu ya nyumba za matofali zenye vibaraza na mipapai, akauliza ni wapi anapokaa dereva wa treni ya kesho.

Walimkuta mke wa dereva, Anjela, akianua nguo. Alikuwa mwanamke wa Lushoto, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, akawapa vigoda, akawasha jiko la chai kabla hawajaeleza shida yao. Walipoieleza, akaichukua sare ya mumewe kutoka kwenye kapu, akaikunjua mbele yao.

"Nimeifua," akasema. "Imekauka. Ila hajaniambia niipige pasi."

Tuhfa akamgeukia dada yake. "Umesikia? Watagoma."

Zebedayo mwenyewe akatoka ndani, mtu mrefu, mpole wa sauti, akaketi kwenye ngazi. Aliwaeleza bila kuficha. Nyumba zile zilikuwa zinauzwa. Hawakuwa wameambiwa na mtu. Waligundua siku alipokuja bwana mmoja na utepe wa kupimia, Anjela yuko jikoni anasonga ugali, akapima sebule, akapima chumba, akapima na kitanda akidhani kimejengewa ukutani. Walipouliza ofisini waliambiwa jambo hilo liko juu. Waliandika kuomba mtu aje kutoka huko juu azungumze nao. Hakuja. Basi waliafikiana kwamba kesho hakuna atakayepanda kwenye injini mpaka aje.

"Baba yangu aliendesha treni hii," akasema Zebedayo, "nami nimezaliwa chumba kile. Mnisamehe, mama zangu. Najua mna safari."

Mwanaasha akaweka kikombe chini. Alitaka kusema kwamba ana haki ya kukasirika, akatazama pasi iliyokaa baridi juu ya dirisha, akaona kwamba hana.

"Mwanangu," akasema, "mtu hufukuzwaje kwenye chumba alichozaliwa? Gomeni. Lakini mie Ijumaa yangu naitaka."

"Inshallah, mama," akasema Zebedayo, ambaye alikuwa Mlutheri, "Mungu atatoa njia."

Alhamisi asubuhi steshini ilijaa. Treni ilikuwa imesimama mahali pake, mabehewa yamefagiliwa, injini imezimwa. Madereva na mafundi walikuwa wamekaa kwenye kivuli chake wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Abiria walijitandikia kanga na mikeka. Tuhfa alifungua kapu, akagawa mikate ya kumimina kwa majirani, kwa kuwa aliamini pia kwamba ugenini anayekupenda ni yule uliyemlisha. Mwanaasha alikaa juu ya sanduku lake akizitazama reli.

Mnamo saa nne steshini ya Pongwe ikaingia Tanga.

Ilikuja polepole kwa njia ya pili, na kuta zake za njano, bati lake lenye kutu, benchi lake, miarobaini yake, na mbuzi waliokuwa wamelala kivulini na hawakuona sababu ya kuamka. Mkuu wa steshini, bwana aitwaye Idarusi, alisimama mlangoni na povu la sabuni upande mmoja wa kidevu. Steshini ikatulia ukingo kwa ukingo na jukwaa la Tanga, bila kuacha nafasi ya kupitisha kidole.

"Pongwe!" akaita Idarusi. "Wa Pongwe!"

Wa Pongwe wakachukua vifurushi vyao, wakavuka. Waliotaka kuja Tanga wakavuka upande huu. Mzee mmoja alilalamika kwamba imechelewa. Idarusi alimwomba radhi, akaeleza kwamba alikuwa ananyoa ndevu alipohisi imeng'oka, na hakupenda kuiharakisha. Abiria wake walipokwisha, akapiga kengele, na Pongwe ikarudi ilikotoka, mbuzi wakiwa bado wamelala.

Mwenzake Zebedayo, fundi mnene wa breki, aliinua kichwa kutoka kwenye drafti. "Hii haituvunjii mgomo?"

Zebedayo alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakupenda kujibu ovyo. "Sisi tumekataa kuendesha treni," akasema. "Steshini ikienda yenyewe, hiyo haimo kwenye madai yetu. Na hawa watu wana safari zao. Cheza, zamu yako."

Baada ya Pongwe ikaja Ngomeni, ndogo na ya haraka. Muheza ilikuja na machungwa. Wanawake wa machungwa hawakushuka hata chini, waliuza kutoka ukingoni mwa steshini yao, na kwa muda jukwaa zima la Tanga lilinuka maganda. Mnyuzi ilikuja na mvua yake yenyewe, ikanyesha juu ya bati lake tu, na wa Mnyuzi wakafunua miavuli kabla ya kuvuka. Alasiri ikaja Korogwe, na kwa kuwa Korogwe ni kubwa, ilibidi wasogeze mabehewa ya mizigo kuipisha. Wafanyakazi wa mgomo walikataa kuyasukuma. Abiria wakayasukuma wenyewe, wakiimba.

Mwanaasha alisimama kila mara, akakaa kila mara. Mombo haikuja.

"Mombo wako wapi?" Tuhfa akamuuliza karani wa Korogwe.

"Wanapika," akasema karani. "Wana harusi kesho. Masufuria ya pilau yako motoni pale jukwaani, na steshini haiwezi kuondoka na moto. Watakuja asubuhi."

"Pilau ya nani?" akauliza Mwanaasha, ingawa alijua. Moyo wake ulimruka kama wa msichana, akajifunika uso kwa mtandio ili Tuhfa asimwone akicheka. Tuhfa alimwona.

Mombo ilifika Ijumaa, jua limekwisha panda. Ilianza kuja baridi yake, ile baridi ya chini ya milima, ikawapitia watu wa Tanga miguuni. Kisha likaja paa, ukungu umelikalia. Kisha jukwaa lote, na juu yake masufuria matatu ya pilau yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, wanawake waliovaa sare ya kanga, kijana mwenye dufu, na shekhe wa Mombo na mkeka wake wa kuswalia kwapani. Walipoiona hina ya Mwanaasha wakapiga vigelegele, na watu wa Tanga ambao hawakumjua wakavipokea.

Mwanaasha akatazama nyuso moja moja. Yussuf hakuwamo.

Kijana mmoja wa umri wa miaka kumi na mitano hivi akasogea ukingoni, akamwinamia. "Shikamoo, mama. Mimi ni Abdulhakim, mwanawe Yussuf. Baba ameondoka tangu juzi."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Kuja kukuchukua. Alisikia habari ya mgomo. Akasema yeye kungoja mtu steshini alikwisha kungoja, safari hii anakwenda mwenyewe. Alipanda trekta la mkonge mpaka lilipoishia, kisha sijui. Tulidhani tutamkuta hapa."

Hakukuwa na mtu aliyemwona. Kila steshini ilikuwa imekuja na kurudi, na bwana mmoja mwenye kanzu ndani ya mfuko wa plastiki, akitembea juu ya mataruma kuelekea upande huu, anaweza kupishana na steshini na asitazamwe mara mbili.

Mkuu wa steshini ya Mombo akaitazama saa yake. "Wa Mombo, tafadhali," akasema. "Hatuwezi kukaa sana. Kule tumewaachia watu uwanja mtupu."

Tuhfa alikwisha inua upande mmoja wa sanduku. "Twende, dada. Atarudi kwao. Mwanamume hurudi kwao."

"Akinikosa hapa?"

"Ataambiwa."

"Mara ya kwanza pia aliambiwa," akasema Mwanaasha.

Alilichukua sanduku, akalivuta mpaka pale majukwaa mawili yalipokutana, akaliweka juu ya ule mstari. Kisha akaketi juu yake, akakusanya buibui, na kuteremsha miguu yake kwa utulivu, mmoja ukiwa Mombo na mmoja Tanga.

Mkuu wa steshini akakohoa. "Mama, steshini haimngoji mtu."

"Sijaomba iningoje. Iende, kama yaweza."

Steshini ilijaribu. Watu waliona bati likitikisika kidogo, na mfuniko wa sufuria moja ukalia. Kisha ikatulia. Haikuwa steshini ya kumchana mwanamke vipande viwili, na hilo lilikuwa jambo ambalo serikali mbili hazikuliona gumu. Mkuu wa steshini akaagiza kiti, akaketi. Kijana wa dufu akaanza kulipiga polepole, ili muda usipite bure.

Mwanaasha alikaa pale na jua la Tanga upande mmoja wa uso, na baridi ya Mombo upande wa pili. Aliogopa. Tuhfa, ambaye hakuwahi kumwona dada yake akiogopa, aliketi karibu naye, akamwegemea.

Simu ya steshini ya Tanga ikalia. Karani wa dirishani akasikiliza, akatoka nje.

"Ni Idarusi wa Pongwe," akasema. "Ana bwana mmoja pale, mguu umemvimba, anauliza kama Tanga bado iko mbali."

Vigelegele vikarudi. Mwanaasha akasimama, akakumbuka, akakaa tena haraka. "Mwambieni Pongwe wamlete!"

"Pongwe haiji tena, mama. Abiria wake wamekwisha."

Kila mtu akamtazama Zebedayo. Zebedayo akatazama vizibo vya drafti. Karibu na kibanda cha mafundi, kwenye njia ya pembeni, kilisimama kiberenge cha kusukuma kwa mikono, kile ambacho mafundi wa njia hukitumia kukagua reli.

"Kiberenge ni treni ndogo," akasema fundi mnene wa breki, akiona alikokuwa akitazama.

"Kiberenge si treni," akasema Zebedayo. "Hakina tiketi. Kiberenge ni chombo cha kuondoa kitu kilichokwama njiani."

"Na bwana harusi ni kitu?"

"Mguu umevimba. Amekwama."

Wagomaji walilijadili jambo hilo kwa dhati, wakiwa wamesimama duara, kwa kuwa mgomo wao ulikuwa wa kwanza na walitaka uwe safi. Mmoja alisema mlango ukifunguliwa kidogo utafunguka wote. Mwingine akasema mama yule aliwaambia gomeni, tena ndani ya nyumba ya Zebedayo, siku ambayo angeweza kuwalaani. Walipiga kura. Kisha Zebedayo akavua shati, fundi wa breki akavua la kwake huku akinung'unika, wakakiweka kiberenge kwenye njia kuu na kuondoka, mmoja akishuka mwingine akipanda, mpaka wakapotea kwenye mkonge.

Waliobaki walingoja kwa furaha. Anjela alikuja na birika kubwa la chai, akaona namna rafiki yake alivyokaa, akamnywesha bila kumwinua. Wanawake wa Mombo wakafunua sufuria moja ili harufu itoke. Shekhe akatangulia kwenda msikitini na wanaume kuswali Ijumaa, wakarudi, wakakuta Mwanaasha hajaondoa mguu hata mmoja.

Kiberenge kilirejea kikisikika kabla hakijaonekana, kwa sababu fundi wa breki alikuwa anaimba. Katikati, juu ya gunia lililokunjwa, aliketi mzee mwembamba mwenye mvi, mwavuli wazi juu ya kichwa chake, viatu mkononi. Kanzu alikuwa ameivaa tayari.

Walimshusha. Alichechemea kwenye jukwaa mpaka kwenye sanduku la bati, akasimama. Dufu likanyamaza.

"Umechelewa," akasema Yussuf.

"Nimekuwapo tangu jana," akasema Mwanaasha. "Uliyechelewa ni wewe."

"Mie nilikuwa njiani."

"Wote tulikuwa njiani."

Yussuf akatazama chini, akaona mguu huu na mguu ule. Alielewa, akacheka, na kicheko chake kilikuwa kile kile cha duka la Kuze. Mwanaasha alikisikia akaona kwamba anaweza sasa kuiondoa miguu yake.

"Mmeongea vya kutosha na hamjaoana," akasema Tuhfa. "Shekhe!"

Kaka yake Mwanaasha alikuwa amempa shekhe uwakala, kwa hiyo hapakuwa na kizuizi ila kimoja: shekhe alitaka kujua ndoa hii inafungwa mji gani. Mkuu wa steshini ya Mombo alisema mkeka umetandikwa Mombo. Karani wa Tanga alisema Mombo yenyewe iko Tanga. Shekhe akatafakari, akasema Mungu anajua, wakaendelea. Yussuf alijibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye injini. Vigelegele vikapigwa na steshini mbili kwa mpigo.

Pilau ikaliwa. Wakala watu wa Mombo, wakala abiria waliobaki wa Mazinde na Mkomazi ambao steshini zao zilikuwa bado njiani, wakala wagomaji wote, na Zebedayo, ambaye mikono yake ilikuwa imechubuka, Anjela akamlisha. Tuhfa alicheza na mwavuli wa shemeji yake. Fundi wa breki alicheza na kila mtu. Mambo yalipotulia, Mwanaasha na Yussuf wakaingia kwenye chumba cha kungojea abiria, wakaketi bega kwa bega, na steshini ya Mombo ikang'oka, ikaondoka polepole ili isimtikise mwenye mguu mbovu. Nje ya dirisha Tanga ikarudi nyuma, ukafuata mkonge, kisha milima. Yussuf alikuwa anataka kumwonyesha kila kitu. Alilala kabla ya Muheza, kichwa begani kwake. Mwanaasha alijionyesha mwenyewe.

Barabara ilipotengenezwa, mtu aliyengojwa kutoka juu akafika Tanga kwa gari. Aliwakuta wafanyakazi wamekusanyika, akawapongeza. Alisema taarifa alizonazo zinaonyesha kwamba katika siku zile abiria wote walifika walikokuwa wakienda, na hakuna steshini iliyoripoti upungufu. Kwa hiyo mgomo haukutokea. Na mgomo usiotokea hauna madai. Zebedayo alinyoosha mkono akaeleza habari ya steshini. Yule bwana alimsikiliza kwa heshima, akasema kwamba steshini zilifanya kazi nzuri sana, na zitaandikiwa barua. Kisha akarudi kwenye gari. Treni zikaanza kwenda siku ile ile, na nyumba zikauzwa.

Mwanaasha aliyajua hayo alipokuja Tanga kumsindikiza Tuhfa anayerudi Mombasa. Alipita kwa Anjela kumsalimu, akamkuta anafungasha vyombo. Waliopewa notisi walikuwa safu nzima.

"Mwaenda wapi?"

"Hatujui, mama. Baba Asheri atalala kwenye bweni la madereva. Mimi na watoto, tunauliza uliza."

"Kule Mombo, nyuma ya duka la Yussuf, pana vyumba viwili," akasema Mwanaasha. "Pana na mpapai. Usiulize tena."

Siku ya kuhama, Mwanaasha alirudi Tanga kuwasaidia. Vitanda, kabati, jiko na mabeseni vilipangwa kwenye jukwaa. Mwana mkubwa wa Anjela, Asheri, alikwenda dirishani kuuliza kama Mombo haiwezi kuja kuwachukua, kwa kuwa mizigo ni mingi. Karani alimjibu kwa upole kwamba treni zinatembea, na treni zikitembea steshini hukaa mahali pake.

Basi wakapakia kwenye behewa la mizigo. Mwanaasha na Anjela walipanda humo humo, wakaketi juu ya kitanda, mlango wazi, watoto wakiwa miguuni pao wanakula machungwa. Anjela alisema hajawahi kusafiri amekaa kitandani kwake mwenyewe. Mwanaasha akasema huo ndio usafiri wa kimalkia, wakacheka mpaka Anjela akafuta macho, akaendelea kuyafuta.

Dereva wa treni ile alikuwa Zebedayo. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi. Aliiondoa treni kwa wakati, akaipitisha taratibu nyuma ya safu ya nyumba za matofali. Kwenye kibaraza cha nyumba yao, mapazia mageni yakiwa yamekwisha tundikwa, yule bwana wa utepe alikuwa anakunywa chai. Aliona treni, akawapungia mkono. Zebedayo akapiga honi, kwa sababu mbele kidogo pana kivuko cha watu, na sheria inataka pale honi ipigwe.